Kuiba Vituo kwa Hesabu ya Mwaka 1887

Jumatatu, 3 Agosti
Mashindano ya besiboli ya wazee hapa Kibiti yanaisha Jumamosi. Atakayeongoza kwa kuiba vituo, yaani kuchomoka gunia hili hadi lile kabla mpira haujapigwa, jina lake litapakwa kwenye ukuta wa kiwanja. Kando ya jina la marehemu mke wangu, Mwanaheri, aliyetuandikia daftari la mechi mpaka alipotutoka mwezi wa Juni.

Mudathiri, mvuvi wa Kiongoroni, ana vituo kumi na moja. Mimi viwili. Mudathiri huyo ndiye aliyetangulia kupeleka posa kwa kina Mwanaheri. Akakataliwa. Leo akae naye ukutani miaka yote? Haiwezekani.

Jumanne, 4 Agosti
Nimesoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Wamarekani wa kale waliolipwa kucheza waliiba kupita kiasi. Hugh Nicol, mwaka 1887, vituo 138. Mfupi kama mimi. Siri: enzi hizo mwenzako akipiga mpira, nawe ukasogea magunia mawili badala ya moja, la ziada linaandikwa umeiba. Mimi hukimbia mbele ya mpigaji wetu Zaidi, ambaye mipira yake huangukia kwenye mikorosho. Nimeshasogea magunia mangapi? Idadi siikumbuki. Mengi.

Jumatano, 5 Agosti
Nimempelekea Muzdalifa kamba wabichi. Ni mdogo wake Mwanaheri. Daftari sasa analo yeye. Akauliza, shemeji, tangu lini unaijua njia ya jikoni kwangu. Nikamweleza historia tu, hesabu yangu sikuitaja. Akasema kamati itakubali, mradi wote tuhesabiwe upya kutoka daftari la dada yake. Nikakubali kabla hajamaliza. Mwanaheri aliandika kila kitu, hata mbuzi aliyekatiza uwanjani.

Alhamisi, 6 Agosti
Hesabu mpya. Mudathiri ishirini na tisa. Mimi kimoja.

Nikaomba kuona. Mwandiko wa Mwanaheri ule ule, penseli aliyoichonga kwa kisu cha vitunguu. Kila Zaidi alipopiga: “Mume wangu amesimama gunia la pili, anapumua.” Mara tisa. Gunia la ziada hata moja sina. Na kituo changu cha Februari: “Mlinzi wa gunia alikuwa anafunga kiatu. Nimemwandikia ili tule kwa amani. Kikihesabiwa upya, kifutwe.” Muzdalifa amekifuta. Nilikaa na daftari mpaka adhana ya alasiri.

Mudathiri akapita, akasema eti hata posa yangu ilipita kwa sababu baba mkwe alikuwa anafunga kiatu.

Jumamosi, 8 Agosti
Nimejaribu kuiba mara nne. Nimekamatwa mara nne, ya mwisho na mzee Maneno mwenye goti bovu.

Nikajitolea kulipaka jina la mshindi mwenyewe. Kamati ikasifu moyo wangu. Mudathiri alisimama nyuma yangu akisema nisogeze karibu naye, bwana, ukuta haung'ati. Jina lake nimelipeleka kule mwisho, upande wa choo. Kati yake na Mwanaheri nimeacha nafasi. Nimeipima kwa uzi: jina langu, “Hashimu”, linaenea, herufi zote.

Msimu mpya ni Januari. Simu iko kwenye chaji. Lazima mwaka 1871 walikuwa na namna yao ya kuhesabu.