Ombi la Kuondolewa Kadi ya Grafiki Chumbani Kwangu

Turwa, Tarime
Jumatano, mvua bado inanyesha

Kwa Mjomba Laurian,
Fundi na muuzaji wa kompyuta,
Mwanza.

Shikamoo Mjomba.

YAH: KADI YAKO IMENINYANG'ANYA CHUMBA

Naandika kwa heshima zote, na naandika kwa sababu kwenye simu sauti inanikauka, unanijua. Shuleni tunasoma kwa Kiingereza, na barua hii niliianza kwa Kiingereza, lakini hasira yangu ikawa inasikika kama naomba ruhusa ya kwenda chooni. Nimehamia Kiswahili.

Wiki iliyopita ulinitumia kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu kwenye kompyuta, uliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ukaniomba niichoshe kila siku na kupima mambo matatu: kelele, joto na umeme inaokula. Ikifaulu, inakwenda kwa mteja wako. Na ukaandika masharti: chumba kiwe kimya, mlango ufungwe, asiingie mtu. Mjomba, acha nikiri. Sikukubali kwa ajili ya kadi. Nilikubali kwa ajili ya masharti. Maisha yangu yote nilikuwa nasubiri mtu mzima aandike kwamba asiingie mtu.

Sasa soma yaliyonipata.

1. Joto. Niliacha ubavu wa kompyuta wazi kama ulivyoagiza, upepo wa moto ukawa unatoka. Bibi Robi alikuja kuuliza kama nimekula, akasimama mbele ya ule upepo. Unajua mvua hizi kimea chake cha wimbi kinaota ukungu kabla hakijakauka. Akatoka, akarudi na ungo. "Mke mwenzangu, sogea kidogo." Nikasogea kidogo. Hadi leo nasogea. Kimea kilikauka kabla ya chakula cha mchana, na uani hakuna siri.

Kesho yake akaja Nesi Honoratha, mpangaji wetu aliyehamishiwa hapa kutoka Bukoba, na sare zake mbichi. Tumekaa ua mmoja mwaka mzima na sijawahi kumwamkia kwa sauti inayomfikia. Akatundika sare juu ya kitanda changu. Soksi naomba nisizizungumzie. Ila ujue kwamba joto nililokuandikia juzi ni la kadi pamoja na soksi.

2. Kelele. Kadi peke yake inavuma kama nyuki walio mbali. Lakini jirani yetu Mzee Simioni, ambaye tangu astaafu usingizi umemkimbia, aliingia kushangaa sare, akausikia ule mvumo, akakaa kwenye kiti changu, akalala. Anakoroma kuishinda kadi. Na mtu mzima nitamwamshaje? Kwa hiyo kwenye jedwali lako nimejaza kelele za Mzee Simioni. Za kadi utazitafuta humo humo ndani. Halafu makapi ya wimbi yameingia kwenye feni, inasema krr, krr, na Mzee kila akiisikia anaitikia "naam" usingizini.

3. Ile picha ya majaribio, kiduara chenye manyoya kinachozunguka kwenye skrini. Mzee alipoamka akauliza, "Kondoo wa nani huyu? Hana kichwa na bado anatembea!" Bibi akamjibu, "Angekuwa na kichwa angeshajua kwamba hafiki." Nesi akasema mgonjwa wa hivyo wao humtundikia dripu kwanza, maswali baadaye. Nikacheka. Kwa sauti, Mjomba, mbele za watu. Hilo nalo liingie kwenye malalamiko.

4. Umeme. Kadi ikikazana, taa ya sebuleni inafifia. Nikajua sasa Bibi atagomba, na mimi nitapona. Badala yake amezima friji, amezima redio yake mwenyewe, amepiga marufuku pasi na birika la umeme, "mashine ipate nguvu." Nesi anakwenda kazini na sare kavu yenye mikunjo, na bado anachangia luku. Matokeo yake, kadi inakula umeme mwingi mno, na nyumba nzima inakula mdogo kuliko zamani. Jedwali lako halina pa kujaza jambo kama hilo.

5. Wameanza kuniita Mtaalamu. "Mtaalamu, leo unawasha saa ngapi?" Sina pa kujificha. Pale ninapojificha ndipo walipokaa.

Kwa hiyo naomba Jumamosi hii uje uichukue. Imefaulu yote, mpe mteja, furaha iwe kwake. Nirudishiwe kiti, kitanda na ukimya wangu, na kama unao mhuri, ule mstari wa asiingie mtu uniandikie upya na kuupiga mhuri.

Wasalimie binamu zangu wote na fundi wako Godwin. Mama anakusalimu, Bibi anakusalimu, na Mzee Simioni angekusalimu ila amelala.

Mpwa wako anayekuheshimu, mlangoni pa chumba chake,
Editha

N.B. Leo asubuhi, kabla sijaituma barua hii, umeme ulikatika. Hakuja mtu. Chumba kimya, mlango umefungwa, masharti yako yote yametimia. Nikakaa. Nikapima kelele kwa simu, hakuna kitu. Nikapima tena. Umeme uliporudi nilijikuta uani kwenye mvua, napiga ukelele, "Umerudi! Njooni!" Nesi Honoratha akachungulia dirishani: "Kumbe una sauti, wewe?"

Mjomba, Jumamosi usije. Bibi anasema hata ukija, kadi haitoki: ng'ombe wa mahari waliotoka hapa kuja kwenu kwa ajili ya Mama walizidi, na hii ndiyo chenji yake. Mwambie mteja imefeli. Kelele, joto, umeme, vyote. Imefeli vibaya sana.