Nusu Doti Yangu na Nusu Doti ya Semeni

Jumanne, 14 Aprili 2020

Siku ya ishirini na tatu bila Semeni. Si kwamba nahesabu. Kalenda ipo ukutani na macho ninayo.

Maimuna amepiga simu kutoka Dar. Eti mama usitoke, mama vaa barakoa, mama kunywa tangawizi. Nikamwambia tangawizi nimekunywa mpaka jasho linanukia chai. Akasema basi nitafute cha kufanya, nisishinde nimeikumbatia redio. Ameniunga kwenye darasa la WhatsApp la kushona mashuka ya vipande. Unachukua mabaki ya vitambaa kwa fundi, unakata miraba, unaunga kwa sindano ya mkono, unapata shuka la kitanda. Mimi! Miaka thelathini na miwili nimefundisha Stadi za Kazi hapa Kibiti, leo nikawe mwanafunzi wa simu.

Nimekubali. Nimekubali kwa sababu nina mpango.

Ramadhani imebaki siku kumi au kumi na moja. Tangu mume wangu afariki, huu mwaka wa tisa, mimi na Semeni tunafuturu mkeka mmoja, barazani kwangu. Yeye uji na mihogo ya nazi, mimi tambi na chai. Kwa hali ilivyo, mwaka huu nitafuturu na redio. Sitaki! Lakini kumfuata kwake nako sitaki. Kwa hiyo nitashona shuka ambalo mtaa mzima utalizungumza. Semeni kwa umbea wake hatavumilia. Atakuja kwa miguu yake mwenyewe.

Kosa lenyewe ni lipi? Sina kosa. Alikuja barazani akaninyooshea mkono kama siku zote. Mimi nikampa kiwiko, kama redio ilivyoelekeza. Akabaki na mkono hewani. Akasema mkono huu ndio uliomuosha mama yako. Akageuka, akaenda zake.

Kweli, ulimuosha siku ya msiba. Lakini redio ilisema!

Jumatano, 15 Aprili

Nimekwenda kwa fundi Abbasi kuomba mabaki. Nimevaa barakoa, miwani imejaa ukungu, nimeisalimia cherehani yake kabla yake mwenyewe.

Abbasi siku hizi anashona barakoa tu. Nikamuuliza vile vipande vizuri vya vitenge viko wapi. Akasema Semeni alipita alfajiri akazoa vyote. Vya nini? Hakuuliza. Yeye fundi, si polisi. Nimejua tu: anashona barakoa auze. Tamaa!

Mimi nimepewa gunia la mabaki ya sare za shule, zile zilizolala dukani tangu shule zifungwe. Bluu, nyeupe, bluu, nyeupe. Nimezitandaza kitandani. Utadhani watoto wamepanga mstari asubuhi wanasubiri kukaguliwa kucha.

Mchana nimejifukiza nyungu ya mwarobaini. Zamani Semeni ndiye angenishikia shuka lisiteleze. Leo limeteleza, mvuke wote umepanda darini. Sasa mjusi wa darini hana mafua.

Alhamisi, 16 Aprili

Darasa la kwanza. Mtandao kwangu unapatikana sehemu moja tu, chini ya mpapai, tena ukiegemea upande wa kisima. Nimekaa hapo saa nzima na mwavuli. Madam Mwanajuma anafundisha kwa sauti za kurekodi. Sauti changa! Umri wa wale niliokuwa nawachapa kwa kuchelewa namba asubuhi. Anasema pima mara mbili ukate mara moja. Anasema kila mshono unakula kitambaa, kwa hiyo acha nafasi. Hayo nayajua. Sikuandika.

Halafu katangaza: Jumatatu atachagua kiranja wa darasa, mwenye shuka zuri kuliko wote. Nimeteua viranja miaka thelathini na miwili, sijawahi kuwa kiranja hata siku moja. Na nikiwa kiranja, Maimuna atawaambia watu, watu watamwambia Semeni. Unaona mpango unavyokaa vizuri!

Tatizo ni mwanafunzi mmoja anayejiita Ua la Rufiji. Namba siijui, picha yake ni ua. Kila akituma kazi, Madam Mwanajuma anamwagia makofi. Yangu alisema tu, jitihada nzuri. Maneno hayo nimewaandikia watoto wengi kwenye daftari, najua maana yake.

Jioni, mpango mdogo wa pembeni. Nimeweka ndoo ya maji yenye koki na sabuni kwenye njia ya kisimani, mbele ya geti langu. Kila apitaye lazima asimame anawe. Akisimama, atanisalimu. Akinisalimu, atakuwa ameanza yeye.

Wamenawa watu kumi na wanne. Mbuzi wa Mzee Bwanaheri wakaja wakanywa maji wakala sabuni. Semeni? Kapita katikati ya shamba la mihogo la Mzee Bwanaheri, ndoo kichwani, kajisitiri na majani. Nimeona kilemba tu kinakwenda.

Mzee Bwanaheri amekuja kulalamika kwamba mbuzi wake wanatoa povu.

Ijumaa, 17 Aprili

Leo nimechukia. Acha niseme nilivyochukia.

Nilikuwa nafagia. Semeni kapita na wenzake wawili. Nikasimama wima na ufagio wangu, nikajiweka mahali pa kuonekana. Akanitazama. Akasema hujambo, Mwalimu.

Mwalimu! Miaka arobaini naitwa shoga. Shoga kwenye harusi, shoga kwenye msiba, shoga hata siku nilipomvunjia bakuli la mahari ya mama yake. Leo Mwalimu, kama mzazi aliyekuja kuuliza matokeo.

Nikaingia ndani. Nikafungua sanduku. Chini kabisa kuna ile kanga. Tuliinunua pale Nyamwage kando ya barabara, wasichana sisi, tunatoka maulidini. Doti moja, nyekundu yenye michoro ya korosho pembeni, imeandikwa WEMA HAUOZI. Tukaikata pale pale katikati, nusu yangu, nusu yake. Kwetu ukigawana doti na mtu mmegawana neno. Huivai na mwingine, huigawi, huitii mkasi mwenzio akiwa hai. Nusu yangu nimeivaa siku mbili tu, siku ya ndoa ya Maimuna na siku tuliyomzika mume wangu.

Nikachukua rula yangu ya ubao. Nikachukua mkasi. Nikakata miraba ishirini na minne, sawasawa kabisa. Nikasema haya, Mwalimu huyo!

Nyekundu imependeza sana kwenye bluu na nyeupe, hilo lazima niseme. Kisha nikakaa chini sakafuni. Nyumba kimya. Nikawasha redio. Ikasema tusikaribiane.

Jumamosi, 18 Aprili

Siku mbaya.

Asubuhi nilimsemelea Ua la Rufiji. Ndiyo, kwa siri, kwa Madam Mwanajuma. Darasa letu ni la mkono, na mishono ya yule imenyooka mno, nikasema huyo anatumia cherehani, na mimi ni mwalimu mstaafu, macho yangu hayadanganyiki. Haki itendeke. Tena kuna mtu anataka ukiranja kwa jasho lake.

Saa nane Madam Mwanajuma akamwambia Ua la Rufiji mbele ya darasa zima, atume picha ya upande wa nyuma na aeleze kwa sauti anavyoshona. Nikaegemea mpapai nisikie anavyoumbuka.

Sauti ikaja. Kwanza kikohozi kidogo, kile cha kusafisha koo. Mtume! Kikohozi hicho nakijua hata kikiwa sokoni Ikwiriri siku ya gulio.

Semeni!

Simu mpya kanunuliwa na mwanawe. Akaeleza taratibu, kwa adabu, kwamba sindano hii alifundishwa na shoga yake, mwalimu wa Stadi za Kazi, ndiyo maana mishono imenyooka. Halafu picha. Vitenge vya Abbasi vyote, vimepangwa kama bustani. Na katikati kalaza kanga nyekundu yenye korosho, nzima, haijaguswa. Madam Mwanajuma akamuuliza mbona hiyo hajaikata miraba kama wenzake. Semeni akajibu kwamba hii ni nusu doti, nusu nyingine iko kwa mwenyewe, na mwenyewe yuko hai.

Nimeondoka chini ya mpapai bila mwavuli. Mvua ilikuwa inanyesha, sikujua.

Nimeiangalia ile miraba yangu. Ishirini na minne. Jamani, Shufaa mimi.

Jumapili, 19 Aprili

Tangu baada ya sala ya alfajiri nafumua miraba kwenye shuka na kuunga kanga. Nilidhani ni kuirudisha tu kama ilivyokuwa. Lakini kila mshono unakula kitambaa! Umekula huku, umekula kule, mpaka adhuhuri nimemaliza na kanga ya mtu mzima imekuwa ya kumbebea mtoto mchanga. Maneno ya pembeni yamepishana, herufi moja ipo juu, mwenzake chini. Ningeandika siku ile aliyosema Madam Mwanajuma. Lakini nani aliandika?

Maimuna akapiga. Nikamuuliza kwa ukali nani mwingine kamtia darasani. Akacheka. Akasema mama mdogo Semeni alimpigia kuuliza mama yako anashindaje peke yake siku hizi. Aliposikia kuna darasa, akaomba aungwe na yeye, ila nisiambiwe. Maimuna akauliza mama upo? Nikasema mtandao.

Alasiri, mimi nipo mkekani na hiyo kanga ya mtoto, geti likalia. Semeni. Peke yake, barakoa usoni, mkoba begani. Kasimama kwenye ndoo, kanawa kwa sabuni, kanawa tena, vidole kimoja kimoja, mpaka nikaona haya. Kisha akakaa mwisho wa mkeka. Mkono hakunipa. Na mimi sikuutoa. Ulikuwa tayari, lakini sikuutoa.

Alikuja kwa jambo moja. Madam Mwanajuma kamwambia kwamba aliyemshitaki kwa cherehani ni mwenzake wa Kibiti, mwalimu mstaafu. Akaniuliza kama namjua. Nikasema Kibiti walimu wastaafu wengi.

Ndipo akaiona kanga. Akaivuta, akaitandaza mapajani. Akahesabu. Akauliza imefanywa nini.

Nilikuwa na nafasi. Maneno mawili tu: shoga, nisamehe. Yalikuwa mdomoni, yana ladha kabisa.

Nikasema panya.

Semeni akaitazama miraba, ishirini na minne, pembe zote sawa. Akasema panya wa Kibiti sasa wanakata kwa rula. Bega lake likatikisika, sikujua ni kicheko au kilio, barakoa imeficha. Natumaini kicheko.

Akaikunja, akaitia mkobani. Akasema ataifumua na kuishona upya taratibu, mabaki atajazia ya kwake. Kisha akatoa kwenye mkoba nusu yake, ile nzima, akaiweka mapajani kwangu. Akasema nikae nayo mpaka mwezi uandame, nisibaki bila kitu ndani ya nyumba. Akainuka. Akasema kwaheri. Hakusema shoga, hakusema Mwalimu.

Nimejifunika kanga yake. Ina harufu ya udi wake, na ya mihogo. Nimelia kidogo. Kidogo tu.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimeamka mtu mpya. Nimejifunza. Kiburi si maungwana. Leo saa nne nitakwenda kwake, nitampa mkono, nitasema kosa langu lote, kiwiko, rula na kusemelea.

Ila saa tatu kulikuwa na uteuzi wa kiranja.

Nikaona nimalizane kwanza na darasa. Shuka langu la sare nikalitandaza uani, bluu, nyeupe. Katikati kuna tundu ilipokuwa nyekundu. Linasikitisha. Na kanga ya Semeni ipo pale kwenye kamba ya nguo, nyekundu, nzima, inapepea. Nikaichukua nikailaza katikati. Kidogo tu, nione inakaaje. Wallahi imekaa! Nikapanda kiti nikapiga picha. Nikaituma darasani. Chini nikaandika: kazi ya mikono yangu, kanga yangu ya ujana, nimeitunza miaka arobaini bila kuitia mkasi.

Madam Mwanajuma akamwaga makofi, mistari miwili! Akaandika mama huyu ndiye kiranja wetu. Nikaruka. Nikageuka nimwambie mtu. Hakuna mtu, kuku tu. Nikamwambia kuku.

Ndipo nikasoma majina ya waliokwisha kuiona picha.

Ua la Rufiji ameona.

Ua la Rufiji anaandika. Ameacha. Anaandika tena. Ameacha.

Yarabi. Nilisahau kabisa kuwa yumo.

Sasa nasikia kandambili njiani. Haraka haraka, tena hazipiti shamba la mihogo, zinakuja moja kwa moja na njia ya getini kwangu. Na sauti yake nayo naisikia, anaongea peke yake, na katikati ya maneno makali kasema huyu shoga yangu ni mtu gani huyu.

Shoga!

Naandika mbio. Nimebandika chai ya watu wawili, nimekung'uta mkeka. Akiuliza picha, nitasema simu imejituma yenyewe.