Kuhusu Saa Inayosema Nimekaa

Kwako Bwana Afisa Utumishi wa Hospitali,

Salamu kwanza, maneno baadaye. Mimi ndiye msukumaji wa toroli la mashuka, yule unayempisha mlangoni kila asubuhi huku umeziba pua. Nimepokea barua yako isemayo kuwa, kwa mujibu wa saa za mkononi mlizotugawia zituhesabie hatua tunapotembea, mimi ndiye mtumishi mvivu kuliko wote, na nisipojirekebisha nitachukuliwa hatua kali. Nimeisoma nikiwa nimesimama, maana kiti sina. Kwa heshima na taadhima nalalamika hivi:

1. Saa imefungwa mkononi, nami natembea kwa miguu. Mikono yangu hushika toroli kutoka wadini hadi kwa dobi na kurudi, imetulia tuli kama ya mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Saa ikiona mkono hautikisiki, inaandika kuwa nimekaa. Juzi, katikati ya ule mwinuko wa wadi ya wazazi, ilitetemeka kunisihi niinuke ninyooshe miguu.

2. Bingwa wa mwezi ni dada wa mapokezi, ambaye hajainuka tangu feni yake iharibike. Hujipepea kwa faili. Wa pili ni mhasibu. Yule bwana hawezi kusimulia mpira bila mikono, na kila Jumatatu hukimbia kwa niaba ya timu zote mbili akiwa kitini. Sina wivu nao. Ila kombe walilopewa nililitoa stoo mimi, kwa toroli.

3. Nilijitahidi kujirekebisha. Nilisukuma kwa mkono mmoja huku nikirusha mwingine. Toroli likakata kona peke yake na kuingia kwenye mkutano wenu. Nikaifunga saa kwenye gurudumu. Ikasema nimekimbia mbali ajabu, ila moyo wangu haupigi. Nikawa marehemu mwenye bidii, na muuguzi mkuu akataka kujua nani ameniruhusu kutoka mochwari.

4. Hili ndilo linaloniuma. Mama watoto alikuwa akinipashia maji ya chumvi niloweke miguu kila nirudipo. Tangu ajue kuisoma hiyo saa, hunishika mkono mlangoni, akaitazama, akauliza mtu aliyekaa kutwa ana miguu gani ya kulowekwa. Miaka yote ya ndoa sijaitwa mwongo. Leo shahidi wa kunifunga namvaa mwenyewe. Nimeumia, bwana.

5. Sasa, kuhusu hizo hatua kali. Mimi sina hatua, na ofisi yako inazo tele, hadi za kumchukulia mtu. Naomba zichukuliwe nikiwa nimevaa saa, na kama zipo kali zaidi nitashukuru. Zile mnazosema kila mkutano kuwa zinachukuliwa kuhusu feni ya mapokezi na shimo la kwenye korido nazo nipeni, maana sijaona anayezitumia.

Nisalimie wote hapo ofisini, dada wa mapokezi asiache kujipepea, na mhasibu pamoja na timu zake.

Ni mimi mtumishi wako mtiifu,
Msukumaji wa Toroli (aliyesimama)

Tanbihi: Barua hii nimeiandika kwa mkono uliovaa saa, na kwa kufutafuta nimeirudia upya mara kadhaa. Nilipofika kwenye neno "mtiifu" saa ikatetemeka na kunipongeza: lengo la siku limetimia. Mama watoto ameliona kwa macho yake. Amenipa pole ya mwendo, na maji yapo jikoni yanachemka. Kwa hiyo naomba uisome barua hii kana kwamba haikuandikwa. Saa ni sahihi kabisa, isiguswe na fundi yeyote. Ila mtumishi mwenye malalamiko asiyependa kuandika, umwelekeze kwangu nimwandikie, hata kama anayemlalamikia ni mimi.