Fomu ya Akiba ya Diwani Thombre

Mbunge wa siku nyingi wa Pimpalwadi alipotangaza kwamba moyo unamsumbua na sasa anapumzika, mji mzima ulimpa pole, isipokuwa diwani Gajanan Thombre, aliyekimbilia kwa dobi kuchukua kurta yake nyeupe, ile kanzu fupi ya wanasiasa. Kiti cha bunge la jimbo kilikuwa hakina mtu.

Udiwani aliupata kwa mabomba. Kila uchaguzi ukikaribia alimwaga mabomba ya maji kando ya njia, watu wakashangilia, wakampa kura. Wiki moja baadaye mabomba yakahamia mtaa mwingine. Chaguzi tatu, mabomba yaleyale, maji hatukuyaona. Usicheke, hata mimi nilimpigia.

Chama kikampitisha kwa utamu wa ulimi wake. Na kwa kuwa chama huweka mgombea wa akiba, fomu ya kwanza ikikataliwa wasikose mtu, Thombre akamwandikisha mkewe, Vasudha, mwalimu mstaafu aliyemjazia makaratasi yake yote. Kwa kawaida wa akiba hujitoa kimyakimya.

“Baba Rohini, hapa wanauliza mali ya mke,” Vasudha akasema akijaza fomu ya mumewe.

Thombre akajikuna shingo. Viwanja sita alivyojichotea akiwa diwani vilikuwa kwa jina la Vasudha, ili yeye asiulizwe.

“Mke ana mali gani? Paache hivyo hivyo.”

“Wamesema pasiachwe patupu.”

“Mama Rohini, andika ninachokuambia. Siasa niachie mimi.”

Akapaacha.

Siku ya ukaguzi wa fomu Thombre alikuja na wapiga ngoma, akawaacha uani. Msimamizi wa uchaguzi akapekua kurasa, akavua miwani.

“Hapa hapajajazwa. Imekataliwa.”

“Mheshimiwa, nipe kalamu nijaze sasa hivi.”

“Mwisho ulikuwa leo saa tano. Jana tulileta barua nyumbani kwako kukutaka upajaze, mkeo akaipokea na kuisaini.”

Thombre akamgeukia mkewe. Vasudha alikuwa anatazama feni ya dari.

“Vasudha Thombre,” msimamizi akaendelea. “Imejazwa yote. Viwanja sita, mali yake mwenyewe, kwa kiapo. Imepita.”

“Yake mwenyewe?” Thombre akaropoka.

“Kwani ni vya nani?” Msimamizi akashika kalamu.

Thombre akisema ni vya kwake, ataulizwa alivipataje, na jawabu lake lina pingu. Iliuma, jamani, iliuma mpaka machozi yakamlengalenga.

“Ni vya mke wangu,” akasema.

Vasudha akanyanyuka, akatengeneza sari yake begani.

“Baba Rohini, kawaambie wa ngoma waanze. Halafu utembee nyuma yangu kidogo, kuna wapiga picha.”