Miwani ya Mheshimiwa na Daftari la Regina

Wewe, mjukuu wangu wa mtandaoni, umepotea mpaka nikadhani umekufa, nikakuombea misa. Kama uko hai, nidai radhi na umdai Mungu misa yake. Tangu Pasaka, kila Mwaisha akifungua Kijiwe cha Beti, baraza letu la mtandaoni, pale dukani kwake mjini Morogoro, kwenye ile kompyuta isiyo na ugonjwa, anakuta beti mbili: moja yangu, moja ya mtu anayeuza simu. Zamani mlikuwa mnabishana humo kutwa, huyu kakosa mizani, yule kaiba kina, mmoja yuko Gairo, mwingine yuko nchi za baridi, mnatukanana kwa adabu kama watu waliolelewa. Akafa dada yangu Regina, mkaniandikia pole, kisha mkaondoka mmoja mmoja kama wageni walioona sufuria limepinduliwa.

Najua mnangoja nini. Mnangoja jibu lake. Hata mimi nalingoja.

Kwa asiyejua, mimi Bibi Scholastika sijasoma. Beti natunga kwa mdomo. Mwenye mkono wa kuandika alikuwa Regina, naye aliandika zake, zangu na za akina mama wote wa huku Mgeta kwenye daftari moja kubwa lenye jalada jeusi. Kila siku ya Jumanne Regina ananakili beti kwenye karatasi, Bonifasi dereva anaishusha karatasi mjini juu ya kabichi, Mwaisha anaichapa, nanyi mnaisoma. Ijumaa lori linapanda tupu na majibu yenu, na Jumapili baada ya misa Regina anatusomea. Ndivyo tulivyokuwa mtandaoni, na kijiji hakina hata nguzo ya umeme. Sasa Stambuli, yule mkulima wa karanga wa Gairo, akatutupia swali:

Nauliza wa mlima, mnijibu kwa hakika,
Mzigo upi wauma, wa kupanda, wa kushuka?

Regina aliliwaza wiki tatu. Akaandika jibu ukurasa wa mwisho wa daftari, akasema hamsomei mtu mpaka alisafishe. Wiki hiyohiyo akaja Mheshimiwa Severini kutoka ofisini kwake mjini, akatwambia kuna mradi wa mashairi ya mtandao, akalibeba daftari eti likaingizwe kwenye databezi. Mwezi uliofuata tukamzika Regina. Daftari halijarudi.

Jumapili ya wiki juzi Mheshimiwa akaja kuuzindua huo mradi wake. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu kwa bibi wa bibi zetu. Mtani akikunyang'anya kitu hukasiriki wala hushitaki, unakikomboa basi. Aliponipa mkono nikamvua miwani yake ya kusomea. Akabaki ameshika hotuba kama mtu aliyeshika mtoto wa watu. Nikamwambia, "Kaa chini, mtani wangu, nitakusomea mimi." Nikaivaa, nikachukua karatasi zake, nikapanda juu ya tenga lililopinduliwa. Bonifasi, anayeniandikia na barua hii, aliandika kila neno, na kelele za watu kaziweka kwenye mabano. Haya, soma.

*

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa mwenyekiti wa shughuli, ambaye kwa kukosekana mwenyekiti ni mimi pia. Waheshimiwa viongozi wa ngazi zote, kuanzia ngazi ya taifa ambao hawakualikwa, ngazi ya mkoa ambao hawana habari, mpaka ngazi ya ofisi hii ya kijiji ambayo mbao zake mbili zimeoza. Baba Paroko, uliyetuazima kiti na sasa unakiangalia kwa wasiwasi. Waheshimiwa wazee, waheshimiwa akina mama, waheshimiwa madereva, waheshimiwa kabichi. Wadau, wadau wa wadau, na wale walioitwa wadau kwa sababu walikuwa wanapita njia: itifaki imezingatiwa, na kama haikuzingatiwa itaundiwa kamati. (Makofi. Sauti ya nyuma: "Bibi, karatasi umeigeuza juu chini." Bibi: "Nyamaza wewe, hata mwenyewe huwa haiangalii.")

Ndugu wananchi, nasimama mbele yenu nikiwa nimejaa furaha, nikiwa nimejaa pia kuku na wali nilioandaliwa pale kwa katekista, kwa kuwa uzinduzi usiotanguliwa na kuku hauna tofauti na mkutano wa kawaida, na nataka kuwafahamisha, tena kwa msisitizo, ya kwamba katika zama hizi za utandawazi, sayansi, teknolojia na soko huria, ambapo kila mtu yuko huru kuuza alichonacho na asiye nacho yuko huru kutazama, ofisi yangu haikulala, na pale ilipolala ililala kimkakati. (Kicheko. Mheshimiwa mwenyewe, kwenye kiti cha Paroko, anacheka kwa meno, macho hayashiriki.)

Ndipo nikabuni, mimi mwenyewe, kwa kichwa hiki mnachokiona, Mradi Shirikishi wa Uwezeshaji, Uboreshaji na Uendelevu wa Jukwaa la Kielektroniki la Fasihi na Ushairi Milimani, kwa kifupi MSUUUJEKFUM. (Mzee mmoja: "Afya.") Ahsante mzee, nitaiwasilisha ngazi husika.

Lakini kabla ya mradi kulikuwa na nini? Kulikuwa na vurugu. Nilifanya upembuzi yakinifu nikagundua kwamba watu wa hapa, bila semina elekezi, bila kapasiti bildingi, bila hata muhuri, walikuwa wanazungumza mashairi mtandaoni na watu wasiowafahamu. Mtu wa Mgeta anauliza, mtu wa Gairo anajibu, mtu wa Kinole, anayetakiwa kuwa anachuma iliki, anaacha iliki anaingilia kati na kusema beti la tatu limepwaya. Nikajiuliza kama kiongozi: hawa wameruhusiwa na nani? Nani mwenyekiti wao? Akidi ilitimia? Na mtu akisifiwa beti lake na mtu aliye ng'ambo, hiyo sifa imepitia ofisi gani? (Bonifasi: "Imepitia lori langu.") Dereva, tutaonana.

Kwa hiyo nikaelekeza, na maelekezo yangu mnayakumbuka, kwamba kuanzia sasa kila anayetaka kuzungumza mashairi mtandaoni afike mwenyewe, kwa miguu, na barua ya mtendaji wa kijiji. Wajumbe wa mtandao waketi kwa safu, wanaume kulia, wanawake kushoto, wanaoandika kwa siri katikati ili waonekane. Na mtu akiona beti bovu asiseme ni bovu, aseme lina changamoto. (Makofi ya akina mama. Mmoja: "Mheshimiwa, wewe ni mzuri, una changamoto tu." Kicheko kirefu.)

Ndugu zangu, mimi si mtu wa maneno, mimi ni mtu wa takwimu. Kabla sijaingia ofisini, ushairi wa milima hii ulikuwa haupimiki. Leo unapimika. Taarifa rasmi za geti la mazao pale barabarani zinaonyesha kwamba mwaka huu peke yake milima yetu imeshusha mjini mashairi matenga mia moja na nne. (Mnong'ono. Bonifasi ameinamisha kichwa.) Mnashangaa. Karani wa geti alimuuliza dereva, "Umebeba nini?" Dereva akasema, "Kabichi, karoti na mashairi," na karani, kijana mwaminifu ambaye fomu yake ina safu mbili tu, gunia na tenga, akaona bahasha si gunia, akaandika: mashairi, tenga moja. Lori linashuka mara mbili kwa wiki, wiki hamsini na mbili, nami nikaichukua taarifa hiyo nikaipeleka juu, na huko juu wakauliza swali moja tu la kitaalamu: hayo mashairi yanaoza baada ya siku ngapi? (Kicheko. Paroko anajifuta macho.) Nikawajibu kwa kujiamini kwamba yakikaa kivulini yanafika Dar es Salaam yakiwa mabichi.

Ninawapa ahadi. Ninaahidi kompyuta arobaini, na umeme wa kuziwasha utafuata, na nguzo za umeme zitafuata umeme. Ninaahidi webusaiti yenye picha yangu mbele, picha yangu nyuma, na katikati nafasi ya beti moja fupi linalonihusu. Ninaahidi kubinafsisha vina: ambaye kina chake hakizai, apewe mwekezaji. Ninaahidi vifungashio, maana tatizo lenu watu wa mlima si kutunga, tatizo lenu mnatoa shairi mkononi likiwa na udongo.

Na lile swali la ndugu yetu Stambuli, kwamba mzigo upi unauma, wa kupanda au wa kushuka, nataka niwahakikishie kuwa halikupotea. Limepokelewa. Limepewa namba. Nimeunda kamati ndogo ya watu tisa, ambao walipanda mlima kwa gari na kushuka kwa gari, na katika ripoti yao ya awali wanasema hawakusikia maumivu yoyote. (Mama mmoja mwenye kidonda cha ngata kichwani: "Wangenibebea mimi ndoo moja." Watu: "Sema, mama.")

Sasa nafika kwenye daftari. (Mheshimiwa anarekebisha kola.)

Liko daftari lenye jalada jeusi, la marehemu Regina. Baadhi yenu mmenung'unika, wengine mmetunga hata beti, eti Mheshimiwa kala daftari. Mimi daftari sili, nina kuku. Daftari hilo ni rasilimali, nami nililipokea kwa mikono miwili, nikaahidi mbele ya dada yake, kikongwe fulani msumbufu asiyejua a wala be, kwamba litaingia kwenye databezi. Na limeingia. Shadya, dada anayefagia ofisi yangu na ambaye ndiye pekee humo anayejua kilichopo sakafuni, ni shahidi: meza yangu ilikuwa inayumba. Mguu wa kushoto, wa mbele. Nikisaini, inayumba. Nikigonga muhuri, inayumba. Mtu hawezi kuongoza milima akiwa kwenye meza inayoyumba, kwa hiyo nikatafuta kitu chenye unene unaofaa, nikalikunja jalada kidogo, nikaliweka chini ya mguu, na tangu siku hiyo, ndugu wananchi, maamuzi yangu yote yamesimama juu ya ushairi. (Hakuna anayecheka. Mheshimiwa anatazama viatu vyake. Bibi anavua miwani, anaifuta kwa kitenge, anaivaa tena.)

Nilikuwa ninasema kwamba mradi umefanikiwa.

Mradi wetu! (Watu: "Uko wapi!") Uko njiani! Ushairi kwa vitendo! (Watu: "Daftari kwanza!") Mtandao kwa kila nyumba! (Watu: "Nguzo kwanza!") Hapa kazi ni... nimesahau iliyobaki, imeandikwa kwenye fulana ambazo hazikuletwa.

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru mafundi ujenzi wa Kituo cha Mashairi ya Mtandao kwa kutofika, maana wangefika wangeuliza kiwanja. Nawashukuru wataalamu wa kompyuta kwa kunitumia boksi tupu lenye picha ya kompyuta, ambalo nimepigwa nalo picha mara sita, upande mzuri. Namshukuru mwenye hili shamba la maharage lililo nyuma ya pazia, kwa kuturuhusu tutundike pazia. Nitakapolifungua mtayaona maharage, naomba myapigie makofi, yametoa maua. Nawashukuru wananchi kwa kuamini kitu ambacho mimi mwenyewe nilikisikia mara ya kwanza nilipokisoma kwenye hotuba yangu. Na wewe, Regina, uliko, nakushukuru kwa unene wa kurasa zako. Zingekonda zingeniangusha.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. (Makofi hayakupigwa. Halafu yakapigwa mengi.)

*

Nikashuka kwenye tenga. Mheshimiwa akasimama, akacheka ile ya kukohoa, akasema, "Mtani wangu, umenivua nguo mbele za watu. Haya, nipe miwani yangu."

Nikamwambia, "Nipe daftari langu."

"Nitalituma Jumanne."

"Basi na miwani utaiona Jumanne."

"Bibi, bila miwani sisomi."

"Hata mimi sisomi, na bado nipo."

Akaondoka ameshikwa mkono na dereva wake kwenye yale makorongo. Sikufurahi, nisikudanganye. Nimemcheka mbele ya kijiji kizima, na ukurasa wa dada yangu bado uko chini ya mguu wa meza. Siku ya Jumanne, Bonifasi alipita ofisini, akaambiwa Mheshimiwa yuko semina. Jumanne ya pili, semina imeongezwa muda. Bonifasi angeingia mwenyewe, lakini anaogopa lori lisije likapata matatizo getini, na simlaumu. Kabichi za watu zinaoza kweli, si kama mashairi.

Sasa sikiliza, wewe uliyepotea. Safari hii usiniletee sukari wala kanga. Shuka Morogoro asubuhi, uliza ofisi yenye mlango wa kijani karibu na duka la Mwaisha. Msalimie Shadya, mwambie umetumwa na Bibi Scholastika, atakuachia mlango huku anafagia. Uwe na jiwe bapa mfukoni. Nyanyua meza, mguu wa kushoto, wa mbele, toa daftari, weka jiwe, tusije tukaitwa wezi wa usawa wa mtu. Kukomboa kilicho chake ni haki ya mtani, kwa hiyo mwachie ujumbe kwamba miwani yake itashuka na lori.

Halafu panda na Bonifasi, kaa mbele, usiliweke daftari kwenye mboga zenye maji. Ukifika usianze kwa kunipa pole, nimeshapewa. Keti jikoni, fungua ukurasa wa mwisho, unisomee jibu la Regina polepole, mara mbili, hata kama hakuwahi kulisafisha. Miwani ninayo hapa, tena safi. Macho yanayojua herufi njoo nayo wewe.