Jezi za Pazia la Njano

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Tumepata mfadhili. Muuza magodoro. Ametangaza mbele ya chuo kizima kwamba timu yetu ya mpira wa kikapu ikifika fainali ya mashindano ya vyuo, atatupa jezi mpya. Hizi kuukuu zitupwe, anasema, zinatia aibu. Makofi. Shemeji yangu, ambaye ndiye kocha, alipiga makofi kuliko wote. Na aliyezishona ni dada yake mwenyewe! Mke wangu alizikata namba zote kutoka kwenye pazia letu la sebuleni, la njano. Tisa imeinama. Usiku ule umeme ulikatika, akaendelea kushona kwa mshumaa huku akinigombeza kana kwamba mimi ndiye shirika la umeme. Huu ni mwaka wa pili hayupo. Dirisha la sebuleni bado liko wazi.

Baadaye nikatulia. Sisi, fainali? Kila mwaka tunatolewa mechi ya kwanza, kwa adabu kabisa. Ila mtu makini haachi mambo yajiendee. Mimi ndiye mtunza vifaa. Ufunguo wa stoo unaning'inia shingoni mwangu.

Jumanne, 4 Machi
Nimetoa upepo kwenye mipira yote. Haidundi. Ikianguka inakaa hapohapo kama mto wa kulalia. Nikamwambia Shemeji pampu imekufa. (Nilikuwa nimeikalia.) Nikasubiri mazoezi yavunjike. Wapi! Vijana wameacha kudunda, wameanza kupasiana, pa, pa, pa, mpira haugusi chini. Shemeji karibu alie. Amesema miaka yote amewasihi wapasiane, wao wanadundadunda tu kama watu waliopoteza hereni. Ameishukuru pampu. Hadharani. Nami nimeikalia, natikisa kichwa kwa unyenyekevu.

Jumatano, 5 Machi
Tumeshinda mechi ya kwanza. Wapinzani wana suti za michezo za kufanana na mtu maalumu wa kuwakanda misuli. Walikimbiza mpira wetu kama watu wanaofukuza kuku uani, na kuku hawakumpata. Mnara, nahodha wetu, ambaye huingia stoo kwa kuinama, alininyanyua juu juu akipiga kelele, Mzee Stoo, umeona mambo hayo? Nimeyaona. Nimelia. Wamedhani ni furaha, wakanipa leso.

Alhamisi, 6 Machi
Robo fainali. Nimeficha kiatu cha kushoto cha Mnara. Mji huu hauna kingine cha ukubwa ule. Nimekitia kwenye sanduku la huduma ya kwanza, chini ya bandeji, mahali ambapo hakuna mkono uliowahi kufika. Kikatafutwa, hakikuonekana. Shemeji akamwingiza Kifungo, ambaye kimo chake kinaishia kwenye kiwiko cha Mnara na ambaye kazi yake siku zote ni kubeba maji. Nikakaa nikanyoosha miguu.

Kumbe wapinzani walijiandaa wiki nzima kumkaba Mnara tu! Majitu mawili yalibaki yanaangaza macho kama wenyeji ambao mgeni wao hajafika. Kifungo akawa anapita chini ya kwapa zao. Tumeshinda.

Halafu Kifungo akachubuka goti. Shemeji akafungua sanduku. Akanitazama. Nikasema panya. Akauliza ni panya gani huyo anayejua kufunga kamba za kiatu. Nikasema panya wa siku hizi.

Ijumaa, 7 Machi
Leo nimefanya usaliti wa wazi. Mke wangu angeninunia. Kabla ya nusu fainali nilimwendea kocha wa wapinzani, mama mmoja mkali, nikamnong'oneza kwamba wetu wakikaribia kikapu hupitia kulia. Alinitazama kama mtu anayeuziwa saa barabarani. Akasema asante, baba.

Wakajaza watu wote kulia. Wetu wakapita kushoto kama mlangoni kwao!

Ndipo nikakumbuka. Mazoezi huwa nayatazama nikiwa mlangoni mwa stoo, na mlango uko nyuma ya kikapu. Vijana wanakuja wakinielekea. Kulia kwangu ni kushoto kwao. Miaka yote nimesimama pale!

Tumeshinda kwa pointi moja. Yule mama akaja kunipa mkono, akasema kwa sauti kwamba hajawahi kudanganywa na uso wa kistaarabu namna hii. Shemeji akasikia. Sasa mimi ni shujaa. Mnara kaninyanyua tena. Kiuno kinauma.

Jumamosi, 8 Machi
Jezi mpya zimefika. Kifuani kuna picha ya godoro na maneno LALA NASI. Watu wanakwenda kupigania kombe, vifuani wameandikwa lala nasi. Hongera.

Shemeji ameagiza nizifue, zinanuka gundi. Zile za zamani nizitie kwenye mfuko niuache ofisini kwake. Sikuuliza. Safari ya mfuko kama huo naijua, inaishia jaani.

Basi nimefua hizi mpya. Kwa maji ya moto, yanayochemka. Mke wangu alikuwa akisema nisome kwanza kile kitambaa cha maelezo shingoni. Nimesoma. Kimesema maji baridi. Kufikia jioni jezi ya Kifungo inalitosha birika.

Jumapili, 9 Machi
Fainali. Shemeji aliiinua jezi moja mpya, akaitazama mbele, akaitazama nyuma. Kisha akaniambia nilete za zamani. Nilikimbia kama kijana.

Tulicheza na mabingwa, nyumbani kwao. Ukumbi mzima ulizicheka namba zetu. Mmoja akapaza sauti akauliza kama sebule sasa iko uchi. Iko uchi, ndiyo.

Kabla ya mapumziko, jitu moja likamkamata Mnara mgongoni. Nikasikia kitambaa kikilia. Tisa! Tisa ya mshumaa, imechanika katikati.

Nikashona wakati wa mapumziko. Shemeji akapiga magoti, akanishikia kitambaa. Polepole akanieleza kwamba tangu Jumatatu alishazungumza na muuza magodoro. Jezi hazikuwa za kutupwa. Angezipiga pasi mwenyewe aniletee nyumbani, zikiwa nzima, ndiyo maana aliziagiza ofisini. Akasema, "Yaani nimtupe dada yangu jaani? Si ungeniuliza tu, Shemeji."

Nilikuwa na uzi mdomoni.

Tumeshinda. Mpira wa mwisho aliutupa Kifungo akiwa ameanguka, amefumba macho. Hata yeye hakujua umeingia mpaka tulipomlalia.

Jumatatu, 10 Machi
Jezi ziko nyumbani. Nimezifua kwa maji baridi, nimezitundika kwenye dirisha la sebuleni. Sasa nina pazia. Tisa imeinama zaidi ya zamani, na mishono yangu ni kama barabara ya mashimo. Angenigombeza mpaka jioni. Nimekaa chini yake, nimesikiliza.

Mchana Shemeji kaleta habari. Kwa heshima ya ubingwa, ukumbi wetu utapata viti vya plastiki. Benchi refu la mbao litaondolewa, lile ambalo mke wangu alikalia mechi zote, mwisho kabisa upande wa dirisha, ambapo mbao imelainika kwa ajili yake.

Ningeweza kumwomba Shemeji. Mwenyewe kasema niulize tu. Lakini mtu ana kombe jipya, ana wageni, simu haiachi kulia. Si vizuri kumsumbua kwa benchi.

Nimeazima msumeno kwa seremala. Nikiwa natoka nao nikakutana na Shemeji getini. Akauliza wa nini.

Nimemwambia panya.