Sala Iliyoning'iniza Mashua

Leo nimemning'iniza afisa wa manispaa ukutani. Nieleze taratibu, ndugu zangu wa kanisani, maana nimechoka na suruali bado imelowa.

Mnajua tangu nistaafu niko na wazee wenzangu wa Kiswidi wanaotetea ule mfereji mdogo wa zamani kusini mwa Stockholm. Manispaa inataka kuziba lango lake la maji, eti limechakaa. Likizibwa, mashua hazipiti tena na mfereji umekufa. Miaka miwili nimesimama nje ya maduka ya Hallunda nikiwaomba watu watie sahihi kuutetea, baridi ikinila masikio. Leo afisa alikuja kupanda mashua yetu, ajionee kama lango bado linafaa, kisha aandike ripoti.

Lango lenyewe ni kama chumba cha mawe. Mashua inaingia, milango inafungwa, maji yanapunguzwa, nayo inashuka hadi usawa wa chini. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kushika kamba ya mbele, iliyopitishwa kwenye pete ya ukutani, na kuilegeza kadiri tunavyoshuka. Ya nyuma alishika Papa Kabongo, Mkongo tunayesali naye.

Inger, mwenyekiti wetu, akaniomba niseme maneno mawili ya shukrani kabla ya kushuka. (Yeye hanijui. Ninyi mnazijua sala zangu.) Nikasema tuombe. Na kwa kuwa sijazoea kuomba mikono ikiwa na kazi, nikaifunga kamba. Mafundo matatu. Nikainua mikono, nikafumba macho.

Mwenzetu aliyekuwa juu ukingoni akaona tumetulia. Akadhani tuko tayari, akafungulia maji yatoke.

Mimi nikaombea mji. Nikamwombea mfalme. Nikamwombea afisa, na watoto wake, kama anao. Nikahisi sakafu inainuka mbele yangu. Nikadhani ni presha, nikaendelea. Nikasikia vikombe vinagongana. Nikadhani wanaandaa kahawa.

"Papa, sema amina mbio," Kabongo akaniita kwa sauti ya chini kutoka nyuma.

Nikaona ndugu yangu amepungukiwa na subira. Nikaanza kumwombea subira.

"Papa Elia, fungua macho. Tunaanguka."

Nikafungua. Mbele ya mashua ilikuwa inaning'inia kwa kamba yangu, nyuma iko chini majini. Afisa alikuwa ameteleza hadi nyuma kabisa, amekaa sakafuni, amekumbatia chupa ya kahawa kama mtoto mchanga. Kahawa yenyewe ilikuwa kwenye suruali yake. Mafundo yakagoma kufunguka. Inger akatoa kisu, akakata kamba. Tukadondoka puu, maji yakaturukia wote.

Afisa akauliza, kwa upole wa Kiswidi unaotisha kuliko kelele, ni nani aliyefunga kamba. Nikainua mkono tena, safari hii mmoja tu. Nikamwomba radhi, nikamsihi asiliadhibu lango kwa kosa langu.

Akakamua suruali yake. Akaitazama milango kwa muda mrefu. Miaka yangu miwili ikasimama pale pamoja naye.

"Lango linafanya kazi vizuri sana," akasema. "Nitaandika kwamba tatizo ni abiria."

Namshukuru Mungu, amenijibu hata kabla sijafika kwenye amina. Inger naye amenipa kazi mpya kwenye mashua: kukaa.

Ninalowaomba ni moja. Jumapili nikiitwa kuomba, tafadhali msishikilie viti.